Daktari wa mji mdogo, mambo mia: tumkumbuke Erasmus Darwin wa Lichfield

Mkaa Dirishani (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Likitajwa jina la Darwin, akili za wengi zinakimbilia kwa Charles na safari yake ya meli. Leo naomba tumweke kando mjukuu, tumzungumze babu: Erasmus Darwin, daktari wa Lichfield, mahali padogo katikati ya Uingereza panapohesabiwa jiji kwa sababu ya kanisa kuu lake lenye minara mitatu.

Alizaliwa 1731, akasoma Cambridge na Edinburgh, akajaribu bahati yake Nottingham mwaka 1756. Wagonjwa hawakutokea. Kabla mwaka haujaisha akahamia Lichfield, na wiki chache baadaye akaitwa kwa kijana wa familia kubwa aliyekuwa mahututi, daktari wa kwanza ameshanawa mikono. Kijana akapona. Jina likasimama, na kwa karibu miaka 25 Lichfield haikumnyima wagonjwa.

Nje ya tiba alifanya nini? Bora uulize hakufanya nini. Alitunga mashairi yaliyosomwa Uingereza nzima. Alipanda bustani ya mimea nje kidogo ya mji, akaunda na chama cha elimu ya mimea chenye wanachama watatu tu, naye akiwa mmojawapo, na hicho chama cha watu watatu kikachapisha tafsiri ya kazi za Linnaeus, Mswidi aliyepanga mimea katika makundi, kutoka Kilatini. Alibuni kinu cha upepo cha mabawa ya kulala ili kisage rangi kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo cha Josiah Wedgwood. Alipigia debe mfereji wa Trent na Mersey mpaka ukachimbwa. Alitengeneza mashine ya kunakili barua. Mwaka 1788 alichapisha makala ya kueleza kwamba hewa ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, na ndiyo maana mawingu hutokea. Na kwenye daftari lake kuna mchoro wa 1779 wa injini ya roketi ya haidrojeni na oksijeni. 1779, wakuu! Hata puto la kubeba mtu lilikuwa halijaruka.

Sasa hoja yangu. Wanaosimulia habari zake humgawa mara mbili: huku tabibu wa kulipwa, kule mtu wa kujifurahisha na mavumbuzi. Mimi nasema udaktari ndio uliozaa karibu yote hayo, na udaktari huohuo ndio uliomziba mdomo.

Angalieni barabara. Daktari wa wakati ule hakukaa ofisini kungoja foleni. Alifuata wagonjwa majumbani, na Darwin aliwafuata mbali, siku nzima juu ya gari la farasi kwenye njia za matope. Mwanamke mmoja aliyemwona utotoni aliandika jinsi lile gari lilivyokuwa ndani: upande mmoja rundo la vitabu kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, upande mwingine kapu la matunda, vitu vitamu, krimu na sukari (alikuwa mnene, hakuficha anachopenda), juu kuna kidirisha cha kuingiza mwanga, na mbele pa kuwekea karatasi na penseli. Sehemu kubwa ya kitabu chake cha tiba aliandika humo. Nyuma ya gari alifuata farasi asiyefungwa kamba aliyeitwa Doctor. Njia ikimshinda gari, daktari anashuka na kumpanda Doctor. Mtu anayeishi barabarani namna hiyo lazima afikirie magurudumu, hali ya hewa, mifereji na majani yanayoota pembezoni mwa njia.

Na marafiki je? Familia ya Wedgwood ilitibiwa naye, na ya Matthew Boulton pia, yule mwenye kiwanda cha Soho, Birmingham. Kutoka duara hilo ikatoka Lunar Society, yaani chama cha mwezi cha marafiki wapenda sayansi na viwanda: Boulton, James Watt wa injini ya mvuke, Joseph Priestley, James Keir na wengineo. Walikutana siku za karibu na mwezi mpevu ili wapate mwanga wa kurudia makwao. Mara nyingine Darwin aliandika kuomba radhi, hakuweza kuja, wagonjwa wamemzuia.

Kuhusu kuzibwa mdomo. Mwaka 1767 wachimbaji wa mfereji walikuta mifupa ya ajabu kwenye handaki la Harecastle, Wedgwood akampelekea Darwin aitazame. Miaka michache baadaye Darwin akaandika ubavuni mwa gari lake maneno ya Kilatini, E conchis omnia, yaani vyote vimetokana na makombe ya baharini. Nembo ya ukoo wao ilikuwa na makombe matatu, kwa hiyo angeweza kujitetea kuwa ni mapambo tu. Kasisi Seward wa kanisa kuu, jirani yake, hakudanganyika. Alitunga shairi la kumkejeli kwamba amemkana Muumba wake. Darwin akapaka rangi juu ya yale maneno. Aliyabakiza kwenye karatasi ndogo za kubandika ndani ya vitabu vyake, ambako mgonjwa hawezi kuona.

Ilibidi ifike 1794, yeye ana miaka 62, ndipo achapishe wazi kwamba huenda viumbe vyote vyenye damu ya moto vimetokana na uzi mmoja hai. Alikuwa amemwandikia mwanawe Robert kuwa sasa amezeeka na kuwa sugu, matusi kidogo hayamtishi.

Karibuni tuchangie.

Jongoo Mpole

Uzi mzuri mkuu, ila nitakuwa mchawi kidogo. Mshika mbili moja humponyoka, huyu kashika hamsini. Roketi ni mchoro. Mageuko ya viumbe ni wazo, ushahidi kaleta mjukuu. Mashairi leo nani anayasoma? Angebaki kwenye jambo moja huenda tusingehitaji uzi wa kumkumbusha mtu.

Fundi Gia

Jongoo subiri kwanza, kuna jambo mleta uzi kaligusa kwa kidole akapita. Usukani.

Kwenye magari ya farasi ya zamani ekseli yote ya mbele ilizunguka kwenye pini moja ya katikati. Ukikata kona kali, gurudumu la upande mmoja linaingia chini ya bodi na la pili linatokeza mbele. Gari linabaki limesimama kama kigoda kilichokatika mguu, mtikisiko mdogo tu linalala. Darwin akaiacha ekseli itulie, akaipa kila gurudumu pini yake kule mwishoni, kisha akayaunganisha kwa vyuma ili yakate pamoja lakini si kwa pembe sawa. Kwenye kona gurudumu la ndani linapita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima likate zaidi. Yakikata sawasawa, moja linaburuzwa.

Hayo aliyafanya mwishoni mwa miaka ya 1750, akayasafiria mwenyewe maelfu ya maili kwenda kwa wagonjwa. Huu si mchoro wa daftarini. Ingia chini ya gari lolote leo uangalie vyuma vya mbele, ni kanuni ileile. Ila vitabu vya ufundi vinaiita kwa jina la Ackermann, wakala aliyesajili hataza (haki ya mvumbuzi) London mwaka 1818 kwa niaba ya Lankensperger, mtengeneza magari wa Munich. Darwin alishakufa miaka 16 nyuma, na hakuwa amesajili chochote.

Jongoo Mpole

Sawa, hilo la usukani nimelimeza. Lakini si ndilo ninalosema? Kavumbua, kaacha, kaenda kupanda maua.

Mkaa Dirishani

Hapana Jongoo, kuacha kwake kuna sababu, na ndiyo ile niliyoisema juu. Wanaomchunguza wanaeleza kuwa hakutaka kujulikana kama mtu wa mitambo kwa kuhofia jina lake la udaktari. Tajiri wa wakati ule alimlipa daktari kwa sababu ni msomi wa Kilatini na Kigiriki. Akisikia daktari wake anashinda karakana akisajili hataza za ekseli, anaanza kujiuliza maswali. Kwa hiyo mavumbuzi aliyagawa bure, mengine akawaachia rafiki zake wenye viwanda. Watt alisajili mashine yake ya kunakili barua mwaka 1780, baada ya wawili hao kujadiliana sana juu ya ile ya Darwin.

Na tusimfanye fundi asiyekosea. Mwaka 1768 alianguka kutoka kwenye gari jingine alilobuni mwenyewe, akavunja kifupa cha goti, akachechemea maisha yake yote. Kwa hiyo ana kigugumizi, ana kitambi, anachechemea, na bado familia kubwa zilimfuata. Inasimuliwa kuwa Mfalme George III alitamani ahamie London awe tabibu wake, naye hakwenda.

Tabibu Mstaafu

Nimeishi na fani hii muda mrefu, naomba niongeze upande wa dawa maana wote mnakimbilia mashine.

Daktari wa karne ya 18 alikuwa na silaha chache zilizofanya kazi kweli. Gome la sinkona kwa homa za vipindi. Kasumba kwa maumivu na usingizi, na Darwin aliitoa kwa mkono mpana kuliko ambavyo mtu wa leo angethubutu. Zaidi ya hapo ni kutoa damu, kutapisha, kuharisha, na maneno mazuri. Kitabu chake kikubwa kiligawa magonjwa yote katika makundi manne kufuatana na jinsi neva zinavyosisimka. Kazi ya akili nyingi, ila kama mpangilio wa magonjwa haukudumu. Hata aliwaza mgonjwa alazwe kwenye kitanda kinachozungushwa kama jiwe la kusagia, ili damu isukumwe kuelekea kichwani, ibane ubongo taratibu, alale.

Kilichomfanya awe daktari mzuri, kwa ninavyoona, ni vitu viwili ambavyo havimo kwenye mgawanyo wake. Alisikiliza na kutazama kwa makini kweli. Na maskini hakuwatoza, matajiri ndio waliolipia. Cha tatu labda ni kupiga vita pombe. Aliona maini ya watu wa daraja lake yanavyooza, akasema wazi, na akaacha karibu kabisa yeye mwenyewe.

Lakini kuna doa ambalo mleta uzi kalifunika. William Withering.

Mkaa Dirishani

Sijalifunika tabibu, nilikuacha wewe ulifunue 😀

Tabibu Mstaafu

Basi nalifunua. Daktari wa Birmingham alipofariki mwaka 1775, Darwin ndiye aliyemwandikia Withering aje achukue nafasi ile. Mwaka uliofuata Darwin alikuwa na mgonjwa wa kike aliyevimba maji mwilini, akamwita Withering washauriane. Withering akashauri mmea wa foxglove, ambao leo tunajua unasaidia moyo. Mgonjwa akapata nafuu.

Mwaka 1778 Charles, mtoto wa kwanza wa Darwin, mwanafunzi wa udaktari Edinburgh mwenye miaka 19, alijikata akipasua maiti, jeraha likaingia uchafu, akafa. Baba alichapisha kazi ya kijana huyo mwaka 1780, na nyuma yake akaongeza visa vya wagonjwa waliotibiwa kwa foxglove, kikiwemo kile. Jina la Withering halimo. Kisha Withering akatoa kitabu chake 1785 chenye miaka kumi ya kumbukumbu za wagonjwa, waliopona na waliokufa, dozi kwa dozi. Ndicho kilichoifanya dawa ile iweze kutumika bila kuua. Wale wawili hawakupatana tena.

Naelewa uchungu wa mzazi. Lakini heshima ya mtu kwenye kazi yake hailiwi kwa kisingizio cha msiba. Na ukinilazimisha kuchagua nani alifanya sayansi ya tiba, ni Withering. Jongoo hapo ana pointi yake: mmoja alikaa na mmea mmoja miaka kumi.

Jongoo Mpole

Asante tabibu, nilianza kujiona peke yangu humu.

Dada Mhakiki

Nimesoma mpaka hapa sijaona mwanamke hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Haya.

Kumbukumbu ya kwanza ya maisha ya Darwin iliandikwa na mwanamke wa Lichfield, Anna Seward, mshairi, tena binti wa yule kasisi wa makombe. Ilitoka 1804. Mengi tunayorudia juu ya miaka yake ya Lichfield yametoka kwake, hata yale ya kumcheka. Alikuwa na kinyongo pia, na kwa haki: beti alizotunga juu ya bustani ya Darwin zilitokea mwanzoni mwa shairi kubwa la Darwin bila jina lake. Ongezeni hilo kwenye faili la Withering. Mtu aliyegawa mavumbuzi yake bure alikuwa mwepesi pia kuchukua vya wenzake.

Mke wake wa kwanza, Mary, alifariki 1770 baada ya kuugua muda mrefu. Baada ya hapo Darwin alizaa mabinti wawili na mlezi wa watoto nyumbani, nje ya ndoa. Hakuwaficha. Waliishi nyumbani kwake, na walipokua aliwasaidia kufungua shule ya wasichana Ashbourne, akawaandikia kitabu cha namna ya kuiendesha, 1797. Ndani yake anataka wasichana wafundishwe sayansi, lugha za kisasa, hesabu za fedha na mazoezi ya mwili. Kwa zama zake hiyo ni hatua. Ila bado anataka binti awe mpole na asionekane kuwa na msimamo mkali mbele za watu, kwa hiyo msinipigie vigelegele bado.

Mwaka 1781 alimwoa Elizabeth Pole, mjane tajiri aliyekuwa amemtungia mashairi ya mapenzi mumewe akiwa hai 🙄 Akahama Lichfield, akaishia Derby, akazaa tena watoto saba.

Swali Moja

Mimi swali moja tu. Nimewahi kusikia alitengeneza kichwa kinachoongea. Ni kweli au chumvi?

Mkaa Dirishani

Kweli kabisa, na naipenda hii kuliko roketi.

Ilikuwa karibu 1771. Alitaka kujua sauti za lugha zinatoka vipi, nadhani kigugumizi chake kilimsukuma. (Aliulizwa mara moja kama hakimsumbui, akajibu kwamba kinampa muda wa kufikiri na kumwepusha kuuliza maswali ya kipuuzi.) Akatengeneza mdomo wa mbao wenye midomo ya ngozi laini, nyuma una tundu za pua zinazofungwa na kufunguliwa kwa vidole, katikati utepe wa hariri unaotetemeka kwa upepo wa mivukuto. Ukitoa p, b, m na irabu a. Kwa hiyo ulisema mama na papa, na inasemekana uliwadanganya watu waliousikia bila kuuona wakadhani ni mtoto.

Boulton akaweka ahadi kwa maandishi: pauni 1,000 kama Darwin ndani ya miaka miwili ataleta chombo kinachoweza kusoma Sala ya Bwana, Kanuni ya Imani na Amri Kumi. Sidhani Boulton alilala macho akiwaza hizo pesa. Hazikulipwa, maana kichwa kilibaki pale kwenye mama na papa. Lakini tazama alivyofanya: hakuiga sauti kwa kengele na filimbi, aliiga koo, pua na midomo. Huyo ni daktari aliyefungua maiti ndiye anayefikiri hivyo. Ndiyo maana Jongoo nakuambia hizi si shughuli hamsini.

Jongoo Mpole

Mkuu, kwa kichwa kinachoongea nimeinua mkono mmoja. Wa pili bado. Nieleze mashairi.

Dada Mhakiki

Nimjibu mimi. Mashairi yake yalikuwa na kazi. Shairi la 1789 liligeuza mpango wa Linnaeus kuwa hadithi za mapenzi: stameni ni wanaume, pistili ni wanawake, ua hili lina mke mmoja na waume watano, na kadhalika. Chini ya kila ukurasa maelezo ya kisayansi marefu kuliko beti. Watu wasiojua Kilatini, wanawake hasa, wakajifunzia humo. Na humohumo kwenye mashairi aliingiza kulaani biashara ya watumwa, kipindi kilekile Wedgwood anagawa medali zake za mtu aliyefungwa minyororo.

Yaliporomoka kwa siasa. Alishangilia mapinduzi ya Ufaransa, vita vikaja, na mwaka 1798 gazeti la watu wa serikali likachapisha shairi la dhihaka la kuiga lile la maua, safari hii wapenzi ni maumbo ya pembetatu ya hesabu. Nchi ikacheka, msomaji akamkimbia. Wasomaji hawakuondoka kwa sababu beti ni mbaya, ingawa nyingine, tuseme ukweli, ni nzito kumeza.

Fundi Gia

Mwisho wake ulikuwaje?

Mkaa Dirishani

Aprili 18, 1802, nyumbani Breadsall karibu na Derby, miaka 70. Jana yake alikuwa anamwandikia rafiki yake Edgeworth barua ya utani juu ya nyumba mpya na vidimbwi vyake. Barua ikatumwa na taarifa ya kifo ndani yake. Shairi lake la mwisho, lile linaloeleza maisha yakianzia chini ya bahari, lilitoka mwaka uliofuata. Nyumba yake ya Lichfield, hatua chache kutoka kanisa kuu, sasa ni makumbusho.

Kwa swali la nani amkumbuke, nimalizie na alichoanza Dada Mhakiki. Seward alimwandika kwa kinyongo, hata akadai Darwin alipokea kwa ubaridi kifo cha mwanawe aliyezama mtoni 1799. Robert akambana mpaka akakanusha. Mwaka 1879 Charles, mjukuu, akaamua kumsafisha babu, akaandika wasifu. Lakini rasimu alimpa binti yake Henrietta aisome, naye akakata sehemu kubwa, zaidi zile ambazo babu haonekani mcha Mungu. Toleo kamili lilichapishwa 2003.

Jongoo Mpole

Yaani kapakwa rangi tena, safari hii na kitukuu. Haya mkono wa pili huu hapa. Ila kwa Withering sirudi nyuma.

Tabibu Mstaafu

Usirudi.